Mshuke Darajani

Minneapolis, 9 Juni 1957

Dada Ragna,

Kaa chini kwanza, maana najua unaisoma hii umesimama na sufuria mkononi. Nimenunua mtumbwi. Wa alumini, dada, mwepesi kiasi kwamba mimi na Karna tunaubeba wenyewe mpaka juu ya gari. Umebonyea kidogo ubavuni kwa sababu mwenyewe wa kwanza aliugongesha kwenye gati. Mke wangu alinuna siku mbili, ya tatu akauliza kama una nafasi ya mtu wa tatu. Hauna, namshukuru Mungu.

Sasa sikiliza. Karakana yetu ya samani inafungwa Agosti, na mimi na binti yangu tunakuja Mto Maziwa. Gari tunaliacha kwenye daraja la mjini, tunateremka na maji taratibu, tunalala kwenye michanga, tunatega kambare kwa maini ya kuku yaliyochacha, kama mimi na wewe tulivyokuwa tukifanya kabla hujaolewa ukawa mtu wa maana. Tunapita daraja la chuma, halafu ule mzunguko mrefu wa mierebi, halafu tunatua pale chini ya nyumba yenu, ng'ombe wanaponywea. Karna ana miaka kumi na sita na hajawahi kuuona mto aliokulia baba yake. Anadhani mto ni kitu unachoona chini yake. Nimemwambia wetu ukizamisha kasia, nusu inapotea kwenye tope.

Kuna na jambo la mumeo Palmer, nalisema mara moja tu. Tangu ile Krismasi hatujasemezana. Mimi ndiye niliyeanza, najua. Sikuwa na haja ya kusema mbele ya mama yake kwamba maji hayana mwenyewe, na kwamba mtu anayeweka fensi mtoni kesho ataweka fensi mawinguni. Watu wakacheka, yeye akaondoka mezani. Dada, nimechoka kuwa na shemeji ninayemkwepa. Nataka nifike pale nimeloa, na mtungo wa kambare mkononi, nimwambie samahani. Mtu aliyeloa na mwenye samaki hafukuzwi.

Niandikie maji yakoje mwaka huu.

Ndugu yako,
Selmer

Shangazi, ni mimi Karna, nimemnyang'anya kalamu. Usimwamini. Hajui kupiga kasia upande wa kushoto. Jana ziwani tulizunguka kama mbwa anayetafuta mkia wake, na watu wa ufukweni wakatupigia makofi. Nakuja hivyo hivyo.


Shambani, 20 Juni 1957

Mdogo wangu Selmer,

Nilisoma nimesimama, na haikuwa sufuria, ilikuwa ndoo ya maziwa. Nimecheka peke yangu mpaka kuku wakanitazama. Mwambie Karna nimeshamtengea kile chumba cha dirisha la mashariki.

Lakini mtumbwi, Selmer? Nakwambia ukweli, mto wetu wa utoto haupo tena. Tope limezidi, mtu akishuka kwenye ukingo linambakiza na kiatu kimoja. Mbu mwaka huu wanauma hata farasi kupitia blanketi. Na kambare wako juu, karibu na mji, huku kwetu hakuna kitu. Mimi naona mfanye hivi: mteremke mpaka daraja la chuma tu, mshuke hapo. Nitakuja na gari la mizigo, tunapakia mtumbwi wenu, mnafika nyumbani kwa barabara kama watu wazima. Hapo ndipo pazuri pa kumalizia. Kuna na kivuli.

Kuhusu Palmer, usiwe na wasiwasi. Ni mtu wa kazi, msimu wa kukata majani umeanza, hana muda wa kukumbuka Krismasi. Sijamwambia bado kwamba mnakuja. Natafuta saa nzuri. Kwa hiyo tafadhali usiniandikie kwenye kadi za posta. Weka kwenye bahasha, na uandike jina langu. Sanduku la barua siku nyingine anapita yeye.

Na msinipigie simu. Laini yetu ni ya nyumba sita, na ya mama mkwe wangu ni moja ya hizo sita. Ukikohoa Minneapolis yeye hapa anakutakia afya.

Dada yako,
Ragna

Mshuke darajani. Nitaleta kahawa na pai.


Minneapolis, 2 Julai 1957

Dada,

Umeniandikia mabaya yote ya mto halafu ukasema utaleta pai. Wewe ni yule yule. Mama alikuwa akisema nyumba chafu, nyumba chafu, mpaka wageni wanashindwa kukanyaga sakafu aliyoipiga deki mara mbili.

Lakini hapana, usihangaike. Katikati ya kukata majani uache wafanyakazi bila chakula, uendeshe gari la mizigo mpaka daraja la chuma kutusubiri sisi watalii? Sitakubali. Tutateremka wenyewe. Tope nimelizoea, na mbu wa Minnesota si wachache. Kitu pekee kilichonitia wasiwasi ni nyaya za ng'ombe, na hata hizo nimemfundisha Karna. Nimemwambia maji yakipungua kila mwenye ng'ombe kule anavuta waya kutoka ukingo hadi ukingo ili mifugo isitembee mtoni ikaingia kwa jirani, na kila mtu anafunga matambara meupe juu yake. Ukiona matambara unainama, waya unapita juu, unaendelea na maisha. Hajaamini. Amesema watu wenye akili hawawezi kufunga kamba shingoni mwa mto. Nimemwambia subiri umuone Palmer, mume wa shangazi yako.

Vipi, umeshamwambia? Amesemaje?

Selmer


Shambani, 14 Julai 1957

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Nisikilize vizuri, maana hunisikilizi. Nimekuomba mshuke darajani na ninakuomba tena. Hunisumbui hata kidogo. Wafanyakazi watakula nyama baridi siku moja, hawatakufa. Chini ya daraja la chuma kuna mti mkubwa umeanguka ukaziba mto, matawi yote yako ndani ya maji, hakuna pa kupita. Mtu mzima hawezi, sembuse msichana. Basi mshuke hapo, tafadhali. Niambie siku na saa, nami nitakuwa pale kabla yenu.

Palmer anakusalimia. Amesema ya zamani yamepita.

Hali ya hewa ni kavu. Ng'ombe wanashinda mtoni. Jumapili tulikuwa na kahawa kanisani baada ya ibada, wote wakauliza habari zako, nikasema unaendelea kutengeneza viti vya watu matajiri. Mchungaji mpya ni kijana, anaongea haraka kama anakimbiza treni. Nina mengi ya kukwambia ila si kwa barua. Tutaongea darajani.

Mbusu Karna. Mwambie shangazi yake anasema avae kofia ngumu. Hapana, usimwambie hivyo, atacheka. Mwambie tu asikae mbele ya mtumbwi.

Ragna


Minneapolis, 25 Julai 1957

Dada mpenzi,

Palmer amenisalimia! Mke wangu aliponikuta nasoma aliuliza nani kafa, maana nilikuwa nimekaa kwenye ngazi natoa machozi kama mjinga. Miaka mitatu, Ragna. Sikujua ilikuwa imenilemea hivyo. Na yeye si mtu wa kutoa salamu ovyo. Najua imemgharimu.

Basi mpango umebadilika, na umebadilika kuwa bora. Darajani hatushuki. Mti ulioanguka ni kazi ya dakika chache, tunaubeba mtumbwi nchi kavu tunaupita. Hatutakutoa kazini kwako na hatutaki kupokelewa kama maaskofu. Tunataka Palmer atoke nje asubuhi, kabla ya kifungua kinywa, atukute tumeshatua pale kwa ng'ombe, moto unawaka, kambare wako kwenye kikaango. Nitamwambia, shemeji, mto ni wako, karibu tule. Atacheka tu, hata yeye atacheka.

Usimwambie! Iwe ya kumshtukiza. Tarehe mbili tunaondoka hapa, tunampeleka mke wangu kwa wazazi wake Moorhead, tunakaa nao wiki. Jumamosi tarehe kumi tunaingia majini kwenye daraja la mjini. Jumanne alfajiri, maji yakituruhusu, tutakuwa chini ya dirisha lako. Ukiandika baada ya hii hatutaipata, kwa hiyo usijisumbue.

Karna atakaa mbele. Amegoma kukaa nyuma, anasema nyuma ni kwa watu wasiojua kushoto.

Ndugu yako mwenye furaha,
Selmer


Shambani, 31 Julai 1957

Selmer,

Mungu wangu, nimefanya nini. Barua yako imefika leo na naandika nimesimama kwenye sanduku la barua, mtu wa posta amezima gari ananisubiri. Nimemwambia ni jambo la kanisa.

Hakuna mti. Nilidanganya. Palmer hajakusalimia, wala hajui kama mnakuja. Nilidanganya na hilo pia. Nilitaka tu ushuke darajani.

Kuna waya. Kiangazi kilichopita wavuvi wawili walipita na boti wakaukata, hawakutaka hata kuinama. Ng'ombe wetu walitembea mtoni usiku, wakapanda kwenye reli, na treni ya mizigo ikawakuta. Palmer alikwenda na bunduki kuwamaliza waliobaki wanahema. Alirudi akanawa mikono, akala, hakusema neno mpaka vuli. Mwaka huu ameweka waya mwingine, seng'enge, si ule laini. Ameukaza kwa mashine mpaka ukiugusa unaimba. Na matambara hakuweka. Selmer, hakuna matambara. Waya uko baada tu ya mzunguko wa mierebi, maji yanakimbia pale, na jua la asubuhi linakuwa machoni. Hauonekani. Mimi najua ulipo na bado siuoni.

Mwezi wa sita mtu mmoja wa mjini alikuja mlangoni, damu imemjaa usoni, kofia hana. Alikuwa peke yake kwenye boti ndogo, alikuwa ameinamia ndoano yake, ndiyo iliyomwokoa. Waya ulimkata paji la uso. Palmer alimpa taulo safi na kahawa, akamwambia, "Sasa utakuwa unaangalia mbele." Yule mtu akashukuru kwa kahawa! Akashukuru, akaondoka, na hakuna aliyesema kitu kanisani ingawa wote wanajua.

Nilifunga matambara mwenyewe. Nilichana shuka la zamani, nikaenda mchana yeye akiwa malishoni. Jioni nilipoingia jikoni nikakuta vipande vyote juu ya meza, vimekunjwa vizuri, kimoja juu ya kingine. Hakuniuliza, na mimi sikumuuliza. Tukala viazi.

Utasema, kwa nini usimwambie? Nimejaribu. Juzi wakati wa chakula nikasema, "Palmer, je akipita mtu tunayemjua?" Hakuinua kichwa. Akasema, "Tunaowajua wanapita barabarani." Nikapakua mchuzi. Simu siwezi, mama yake anasikiliza, na kabla sijaweka mkono wa simu chini angekuwa ameshafika uani. Si kwamba ananipiga. Hajawahi. Lakini sijui afanye nini nikimwambia ni wewe, wewe uliyemcheka. Hicho ndicho kinachonitisha. Zamani nilikuwa nikijua.

Selmer, kama barua hii imewahi kabla hamjaondoka, nenda posta unitumie telegramu, neno moja tu, KAHAWA. Karani wa stesheni atanisomea kwenye simu, laini nzima itasikia, na hakuna atakayeelewa. Nitajua kwamba mmeelewa, nitalala.

Mshuke darajani. Usimweke Karna mbele.

Ragna


Shambani, 12 Agosti 1957, Jumatatu

Selmer,

Telegramu haikuja. Naandika ingawa utaisoma ukirudi Minneapolis, kama nilivyokuwa nikizungumza na Mama baada ya kumzika. Mkono unataka kufanya kitu.

Jana baada ya kanisa na leo tena nimekwenda daraja la chuma na gari la mizigo. Nilimwambia Palmer nachuma matunda ya porini kwa ajili ya jamu. Nimekaa pale na chupa ya kahawa mpaka ikapoa. Sijaona mtumbwi. Labda mko juu bado, labda mmepita nikiwa kanisani, mmelala mchangani mahali fulani kati ya daraja na hapa. Nimeita. Nimeita jina lako kama kichaa, mpaka jirani akasimamisha trekta akauliza kama nimepoteza mbwa.

Kumenyesha milimani, maji yamepanda tangu jana, rangi ya kahawa yenye maziwa mengi. Waya sasa uko karibu zaidi na maji. Majani na vijiti vimeanza kunasa. Mtu aliyekaa mtumbwini utamfika kifuani.

Basi nimeamua. Kesho alfajiri, kabla Palmer hajaamka, nitaukata. Nikiukata mapema ataukuta na kuufunga tena, ndiyo maana nasubiri kesho. Koleo la kukatia waya limo kwenye ndoo ya maziwa, nimelifunika na kitambaa. Anaweza kukasirika akitaka. Nyinyi mtakuwa mmekaa jikoni kwangu mnakula, na atakasirika mbele yenu, na mimi sitakuwa peke yangu.

Ukisoma hii tutakuwa tumeshacheka. Nimeoka pai mbili.

Ragna


Moorhead, 12 Agosti 1957

Dada mpenzi,

Utatusamehe. Hatuko mtoni, tuko hapa hapa kwa wakwe zangu, miguu juu ya kiti. Ijumaa Karna aliamka na maumivu ya tumbo, mimi nikasema ni uoga wa kambare, mama yake akanitazama jicho moja tu na tukaenda hospitali. Wamemtoa kidole tumbo. Yu mzima kabisa, amekaa kitandani anawaamrisha manesi, ila daktari amesema hakuna kupiga kasia mpaka Septemba. Kwa hiyo tutakuja Septemba, kuna mapumziko kidogo karakana, na nasikia kambare wananenepa kabla ya baridi.

Nilitaka kukupigia simu Jumamosi. Nilishika simu ya baba mkwe kabisa. Halafu nikasema, Ragna yuko kwenye majani, atakimbia kutoka shambani akidhani mtu amekufa, na mama mkwe wake atapata hadithi ya wiki nzima, na yote kwa ajili ya kukwambia kwamba hatuji, wakati Palmer hata hajui kwamba tulikuwa tunakuja. Barua inatosha. Najua hukuwa umejisumbua kwa lolote, si nilikukataza?

Karna anasema umwekee kipande cha pai. Nimemwambia pai haikai mpaka Septemba. Anasema ya shangazi inakaa.

Msalimie Palmer kwa siri, moyoni mwako tu.

Selmer


Shambani, 20 Agosti 1957

Shemeji,

Mimi si mtu wa barua, utavumilia.

Ragna amekufa. Ilikuwa Jumanne iliyopita asubuhi, mtoni. Nilituma telegramu Minneapolis ikarudi, hakuna mtu nyumbani. Anwani hii nimeipata nyuma ya bahasha yako.

Nitakwambia ilivyokuwa, maana ningetaka kuambiwa. Niliamka na hapakuwa na harufu ya kahawa. Nikadhani yuko kwa kuku. Nikakamua ng'ombe mwenyewe kwa sababu ndoo moja haikuwepo, nikakasirika kidogo, nakiri. Baadaye nikateremka mtoni kuangalia waya kama ninavyofanya kila siku, nikaona umelala ukingoni kwangu, umekatwa. Waya uliokazwa ukikatwa unarudi kwa nguvu. Huku kwetu kila mtu anajua unasimama upande gani. Hata yeye alijua. Lakini maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye nguzo, hakuwa na pa kusimama, akaingia mtoni. Seng'enge ilimzunguka miguu na sketi, na maji yakamvuta. Jirani alimkuta Alhamisi, chini huko kwenye mchanga. Koleo alikuwa bado amelishika.

Tulimzika Ijumaa. Kanisa lilijaa. Wanawake walileta chakula, watu wakanywa kahawa, wakasema ajali, mchungaji akasema ajali. Hakuna aliyeniangalia usoni. Tulipotoka makaburini mtu wa posta akanipa barua yako ya Moorhead. Ilikuwa na jina lake. Nikaifungua.

Kuanzia Jumanne mpaka ile saa nilikuwa nadhani alikata waya ili kunikomoa, kwa sababu ya yale matambara. Nilimlilia na huku nimemkasirikia. Nilisimama karibu na jeneza nimekasirika, Selmer. Kumbe alikuwa anawafungulia nyinyi njia, na nyinyi mlikuwa kitandani Moorhead.

Kama angeniambia ni wewe na mtoto, ningeukata mimi. Ningeukata siku hiyo hiyo, nikanuna, lakini ningeukata. Nilimuuliza mara mbili mwaka huu ana nini, akasema hana kitu, na mimi sikuuliza mara ya tatu. Aliwahi kuniuliza je akipita mtu tunayemjua. Nikadhani ni maneno ya mezani tu.

Waya nimeutoa, na nguzo. Ng'ombe waende watakapo.

Mtu wa posta ananiambia Ragna alikuandikia barua mbili, moja alimsubiri barabarani akiiandika, na nyingine ya wiki ileile aliyokufa. Zitakuwa nyumbani kwako. Sizitaki, ni zako. Ila ukizisoma, nijibu jambo moja. Tumekaa meza moja miaka ishirini na miwili. Sijawahi kumwinulia mkono, sijawahi kumpigia kelele. Nilikuwa nanyamaza tu, baba yangu alikuwa hivyo, nilidhani ndivyo mtu anavyokaa na watu wake kwa amani.

Nataka kujua kama alikuwa ananiogopa. Usiniandikie maneno ya kunituliza. Kama ni ndiyo, andika ndiyo.

Palmer Tollefsrud